Nini Humfanya Msomaji Ajibu? Historia Fupi ya Majibizano katika Maandishi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mtu aliyewahi kuchapisha makala katika jarida kama hili anaujua ukimya unaofuata. Makala hutoka, nakala hugawanywa, wenzetu wawili watatu hutupa mkono wa pongezi, kisha basi. Haiji barua ya kupinga, haliji swali, wala hatokei mtu wa kutuonyesha tulipoteleza. Twaweza kuliridhia jambo hili kwa kusema kuwa wataalamu wana shughuli nyingi, au kwamba elimu haihitaji makelele. Lakini mtu aketiye na majalada ya magazeti ya zamani ya Kiswahili, kama nilivyopata kuketi nayo katika maktaba moja ya London nilipokuwa nikisomea shahada ya pili, hainuki pale bila ya fadhaa. Mle ndani makarani, walimu wa shule za vijijini na watu wasiokuwa na cheo chochote waliandika, wakapingwa, wakatetewa, wakapingwa tena, toleo baada ya toleo. Elimu yao ya darasani haikuwa kubwa kuliko yetu. Mbona wao walijibiwa, nasi hatujibiwi?

Lengo la makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yetu ni kwamba msomaji hajibu kwa sababu amefurahishwa tu, wala kwa sababu amekasirishwa tu. Watu wengi hufurahi wakanyamaza, na wengi hukasirika wakalitupa gazeti. Msomaji hujibu pale yanapokutana mambo matatu. Kwanza, awe anajua ni nani anayesema naye na mtu huyo amesimama wapi. Pili, mwandishi awe ameacha katika maneno yake nafasi ambayo msomaji ana ujuzi wa kuijaza. Tatu, mwenye ukurasa awe analipa jawabu heshima ile ile aliyolipa neno la kwanza. Tutajaribu kuonyesha kuwa mambo hayo yameshuhudiwa katika vipindi mbalimbali vya maandishi yetu, na kwamba lilipokosekana mojawapo, majibizano yalififia au yaliishia pabaya.

2. Ushairi wa kujibizana kabla ya magazeti

Si sahihi kudhani kuwa majibizano ya maandishi yaliletwa na matbaa. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840, aliishi katika zama ambazo shairi lilikuwa ni barua na silaha kwa pamoja. Mombasa ya Wamazrui ilikuwa na uhasama na Lamu, na baadaye na Seyyid Said wa Oman na Unguja, mpaka utawala wa Wamazrui ulipoangushwa mwaka 1837. Katika uhasama huo, kabla na baada ya vita vya Shela vya yapata mwaka 1812, washairi wa miji miwili walirushiana tungo kuvuka bahari. Upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, na upande wa Mombasa Muyaka ndiye tunayemkumbuka zaidi.

Ni nini kilichozifanya tungo hizo zijibiwe? Jibu jepesi ni vita. Walakini vita peke yake havitoshi kueleza, kwa maana Muyaka alijibizana na watu juu ya mapenzi, njaa, deni na urafiki pia. Sababu ya ndani zaidi imo katika umbo lenyewe. Shairi la mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho ni chombo ambacho msikilizaji anacho pia. Aghalabu mjibuji hufuata bahari ya mwenziwe, na mara nyingi huvifuata hata vina vyake, ili ionekane wazi kuwa amekipokea kile alichopewa na kukirudisha kikiwa kizito zaidi. Kwa hiyo mtunzi anapotoa ubeti wake, hatoi maneno tu. Hutoa na kipimo ambacho kwacho atajibiwa. Kadiri umbo linavyojulikana na wengi, ndivyo wanavyozidi walio na uwezo wa kusema, “Nami pia nina neno.”

La pili ni fumbo. Wenyewe twasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mshairi wa Mvita hakusema yote. Aliitaja jahazi akiwa na maana ya mji, au mgonjwa akiwa na maana ya mtawala, akamwachia msikilizaji kazi ya kufumbua. Anayefumbua amekwisha kuingia katika shairi, na aliyeingia si vigumu kwake kujibu. Neno lililoelezwa mpaka likaisha halina mlango wa kuingilia.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wahakiki kwa karibu sana. Tungo za Muyaka zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor katika karne ya 19. William Hichens alizitoa katika diwani mwaka 1940, naye Mohamed Abdulaziz akazichambua katika kitabu chake cha mwaka 1979. Bila ya kazi hizo tungekuwa maskini. Hata hivyo, diwani kwa asili yake ni kitabu cha mtu mmoja. Hukusanya aliyoyasema mwenyewe, na kuyaacha nje mengi katika yale aliyoambiwa. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi twamsoma Muyaka kama mtu anayesikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipochapisha mashairi ya vita vya Kuduhu mwaka 1995, wakiyaweka ya Mombasa na ya Lamu pamoja, walitukumbusha kuwa kipande kamili cha fasihi hiyo si shairi, bali ni shairi pamoja na jawabu lake.

3. Habari kutoka vituo vya mbali

Matbaa ilipoingia, ilikuja na mazoea mengine. Gazeti la Msimulizi lilianza mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani, Unguja, chini ya misheni ya UMCA. Wasomaji wake walikuwa wachache, wengi wao wakiwa wanafunzi wa chuo hicho na waliotoka hapo kwenda kufundisha bara. Baadaye, katika mwanzo wa karne ya 20, shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga ilitoa Kiongozi, lililoendelea mpaka mwaka 1916.

Mtu angetazamia kuwa magazeti ya namna hiyo, moja la misheni na jingine la dola, yangekuwa ni vipaza sauti vya wenyewe tu. Kwa sehemu yalikuwa hivyo. Lakini kilichoyapa uhai ni barua za watu waliokuwa vituoni: mwalimu aliyepelekwa mbali, karani au akida katika boma la bara. Mtu huyo aliandika habari za mahali pake. Mvua imenyesha au haikunyesha, nzige wameingia, fulani ameoa, njia ya msafara imebadilika. Mwanahistoria Fabian Krautwald, aliyechunguza uandishi wa habari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ameonyesha jinsi waandishi hao wa Kiafrika walivyokuwa zaidi ya vibaraka wa wenye gazeti.

Twajifunza nini hapo? Kwamba habari ndogo yenye mahali na jina huvuta habari nyingine ndogo. Mwalimu wa Magila akisoma habari za mwenzake aliye Newala, hasomi mahubiri, husoma maisha ya mtu amjuaye. Na mara hiyo hukumbuka kuwa naye anayo ya kwake ambayo mwenziwe hajayasikia. Haya si majibizano ya hoja bado. Ni desturi ile ile ya salamu zetu, ambapo anayeulizwa habari hutoa zake kisha huuliza za mwenziwe. Lakini pasipo desturi hiyo, majibizano ya hoja yasingepata pa kuota. Mtu hujibishana na aliyekwisha kumwamkia.

4. Mambo Leo, Kwetu na Baraza

Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mjini Dar es Salaam, gazeti la kila mwezi. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na halikuficha jambo hilo. Siasa za kuipinga serikali hazikuwa na nafasi humo. Pamoja na hayo, hapana gazeti la Kiswahili la wakati wake lililosomwa kwa upana zaidi, na hapana lililotoa washairi wengi zaidi. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha, alianza kujulikana kwa mashairi yake humo katika miaka ya 1930.

Umbo la barua ya msomaji linastahili kutazamwa. Mwandishi aliomba nafasi kwa mhariri kwa maneno ya adabu, akaitaja barua au shairi analolijibu, akatoa hoja yake, kisha akaweka jina lake au lakabu yake pamoja na mji alikoandikia. Wapo waliokuja kuuona utaratibu huo kuwa ni unyenyekevu uliopitiliza. Sisi twaona vingine. Kule kuomba nafasi kulimtambulisha mhariri kuwa ni mwenye nyumba, na mwandishi kuwa ni mgeni mwenye haki ya kukaribishwa. Kumtaja aliyetangulia kulimlazimu mjibuji asome kwanza kabla ya kusema. Jina na mji viliyafanya maneno yawe na mwenyewe. Yote matatu yalirahisisha kazi ya atakayefuata.

Lakini adabu haitoshi kuvuta jawabu pasipokuwa na jambo. Jambo lililorudi tena na tena katika kurasa hizo ni maana ya ustaarabu. Emma Hunter, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya fikra za kisiasa nchini Tanzania, amelipa neno hili uzito unaostahili. Kwa mwanaisimu, neno lenyewe ni kisa. Mzizi wake unatokana na Uarabu, na katika miji ya pwani lilianza kushika mahali pa uungwana katika karne ya 19. Lilipofika shule za bara, halikuweza tena kubeba maana hiyo peke yake. Je, aliyesoma ndiye mstaarabu? Avaaye suruali na viatu? Anayewaheshimu wazee wake? Kijana wa Bukoba au Songea aliyeulizwa swali hilo hakuhitaji kuwa mwanachuoni ili ajibu. Alikuwa akiishi ndani yake. Suala la mavazi na mwenendo wa vijana lilivuta kalamu nyingi kwa sababu hiyo hiyo: kila msomaji alikuwa ni mzee au kijana, na kila mmoja alikuwa amevaa kitu.

Hapo ndipo tunapoiona sharti ya pili kwa uwazi. Swali linalojibiwa na wengi si lazima liwe swali dogo. Ustaarabu ni swali kubwa kupita kiasi. Ila ni kubwa kwa namna ambayo kila mtu anao upembe wake wa kulishikia.

Sharti ya tatu, ya mwenye ukurasa, ndiyo iliyoibana Mambo Leo. Mhariri aliweza kuufunga mjadala alipotaka, na yapo mambo ambayo hayakufunguliwa kamwe. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwaka 1937 Erica Fiah, mtu wa Buganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake akaliita Kwetu. Jina hilo lilikuwa ni hoja nzima: lilitaja mahali mwandishi aliposimama kabla hajaandika hata mstari mmoja. Humo wasomaji waliweza kuyaleta malalamiko ambayo gazeti la serikali lisingeyapa nafasi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1939, lilianza Nairobi gazeti la Baraza, likihaririwa na Francis Khamisi. Nalo jina hilo halikuokotwa. Baraza la nyumba ya pwani haliko ndani wala haliko njiani. Mwenye nyumba huketi hapo, na mpita njia huweza kuketi pia bila ya kuingia chumbani. Na mwenye nyumba asemaye peke yake tangu alasiri mpaka magharibi, baraza lake hubaki tupu siku ya pili.

5. Mwandishi anayejihesabu yumo: Al-Islah

Kabla ya Kwetu, huku kwetu Mombasa palikuwa na jaribio jingine ambalo historia za uandishi wa habari zimelipita haraka mno. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza mwaka 1930 kutoa karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, ambacho Kai Kresse amekifikisha kwa wasomaji wapya katika chapa ya mwaka 2017.

Al-Islah lilikuwa gazeti la kuonya. Lilisema juu ya Waislamu wa pwani waliouza mali zao na kubaki mikono mitupu, juu ya ubadhirifu wa arusi, juu ya uigaji wa Wazungu katika yasiyo na faida na kuyaacha yenye faida, juu ya elimu, na hasa elimu ya watoto wa kike. Kwa kawaida maandishi ya kuonya ndiyo yasiyojibiwa. Anayeonywa huinama, au huondoka. Mbona basi maandishi ya Sheikh Al-Amin yalizusha mjadala mitaani na misikitini?

Naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Sheikh hakusimama nje ya watu wake. Lawama zake aliziandika kwa nafsi ya wingi, sisi, naye akiwa ni mwana wa ukoo uliowahi kuitawala Mombasa na kuipoteza. Alipoandika juu ya watu walioporomoka, hakuna aliyedhani kuwa anawacheka jirani. Ya pili ni lugha. Mwanachuoni wa daraja yake angeweza kuandika Kiarabu kitupu na kusomwa na wachache wenziwe. Aliandika Kiswahili cha Mvita, lugha ambayo anayelaumiwa aliweza kuitumia kujitetea. Kuchagua lugha ya msomaji ni kumpa silaha. Mwandishi asiyetaka kujibiwa huchagua lugha ambayo yeye peke yake anaimudu.

Sisi katika idara za lugha hatuna budi kulizingatia jambo hili. Istilahi ni za lazima, nami sizipingi. Lakini yako makala ambayo istilahi zake zimepangwa kama ukuta wa boma, na msomaji huuzunguka akitafuta mlango mpaka akachoka.

6. Wasioketi barazani

Tumesema habari za baraza, na baraza kwa desturi lilikuwa la wanaume. Ingekuwa kosa kudhani kwamba wanawake wa pwani hawakujibizana kwa kuwa majina yao ni nadra katika kurasa za Mambo Leo. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Wimbo wa chama kimoja ulikuwa ni deni kwa chama kingine, na deni lisilolipwa lilikuwa ni aibu. Unguja, Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba visa vya mji, kikiwemo kisa cha Kijiti, mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata, mpaka hukumu ya mahakama ikawa ni jambo la kuhukumiwa na watu majumbani mwao.

Kisha kuna leso. Jina la leso ni sentensi moja, fupi kuliko ubeti wowote, nayo huvaliwa ipite mbele ya macho ya anayekusudiwa. Haitaji mtu. Anayeona kuwa amesemwa huenda dukani akatafuta leso yenye jawabu. Hapa sharti zetu zimebanwa mpaka zikawa ndogo kabisa: msemaji anaonekana kwa macho, fumbo limebaki wazi, na muuza leso huwauzia wote wawili. Fasihi ya namna hii haina mhariri wa kufunga mjadala. Labda ndiyo sababu haijawahi kukatika.

7. Maneno ambayo hayakuweza kujibiwa

Mpaka hapa tumetazama yaliyojibiwa. Mifano miwili ya baada ya uhuru yatuonyesha upande wa pili.

Mathias Mnyampala (1917–1969) aliiendeleza ngonjera, na ngonjera zake zilizotolewa kwa jina la UKUTA zilienea katika shule za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa umbo, ngonjera ni majibizano matupu: huyu anasema, yule anajibu. Lakini chunguza tungo nyingi za namna hiyo, utaona kuwa mjinga huuliza, mjuzi hufundisha, na mwishowe mjinga hukiri. Sauti zote mbili ni za mtunzi mmoja, na mshindi amekwisha kuteuliwa. Msomaji hakuachiwa kitu. Ndiyo maana ngonjera zilikaririwa na maelfu ya watoto, wala hatujui mashairi mengi yaliyotungwa ili kuzijibu. Hatusemi hivyo kumdharau Mnyampala, ambaye kazi yake kwa Kiswahili ni kubwa. Twasema tu kuwa umbo la mazungumzo si mazungumzo.

Mfano wa pili ni wa huku Kenya. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Katika maneno mawili ya anwani hiyo yamo karibu yote tuliyoyataja: mahali, nafsi ya wingi, na swali ambalo kila mwananchi alikuwa na upembe wake wa kulishikia. Lilikuwa neno lililoandikwa ili lijibiwe. Lakini sharti ya tatu haikuwapo. Mwenye ukurasa, yaani dola, hakuruhusu wengine wajibu. Lilijibu lenyewe, kwa kifungo cha miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Humo mna shairi la “Mnazi: Vuta N'kuvute”, ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi. Katika ngonjera upande mmoja umekuja kushindwa. Katika “Mnazi” kila ndugu amepewa zamu yake na hoja zake zenye nguvu. Mtu aliyenyimwa jawabu na nchi yake alijenga ndani ya shairi baraza ambalo nje halikuwako.

Wala hamu ya kujibizana haikufa kwa kifungo cha mtu mmoja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mashairi ya Kimwondo, yaliyohusu uchaguzi wa Lamu na baadaye kuchunguzwa na Assibi Amidu, yalijibizana kwa njia ya kanda za kunasia sauti, yakipita kutoka nyumba hadi nyumba bila ya kumwomba mhariri nafasi.

8. Mgogoro wa vina na mizani

Mfano wa mwisho unatugusa wenyewe, kwani ndio mara ya mwisho ambapo wasomi wa Kiswahili walijibizana kwa wingi na kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Amri Abedi alikuwa ametoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na wengi waliziona sheria hizo kuwa zimekwisha. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara (1976), kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Upande wa pili walisimama waliouona ushairi wa pwani kuwa umenyang'anywa wenyewe, na hoja zao zilipata maelezo mapana katika Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff, mwaka 1988.

Mgogoro huo ulikuwa na maneno makali, na mengine hayakustahili kuchapishwa. Lakini tujiulize kwa nini ulidumu. Kezilahabi hakutoa mashairi tu. Alieleza katika utangulizi ni kwa nini ameandika hivyo, yaani alionyesha aliposimama. Jambo lenyewe lilikuwa mali ya kila msomaji wa Kiswahili, kwani hapana aliyepita shule ya msingi bila ya kuhesabu mizani. Nayo majarida na magazeti yalizipa pande zote mbili nafasi. Sharti tatu zilikutana, na matokeo yake ni kwamba leo twajua zaidi juu ya historia ya ushairi wetu kuliko tulivyojua kabla ya mwaka 1974. Walioshindana walilazimika kwenda kutafuta ushahidi.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa jawabu la msomaji si bahati, wala si tuzo ya ufasaha. Ni tunda la mwandishi aliyejulisha aliposimama, akaacha nafasi, na mwenye ukurasa aliyeilinda nafasi hiyo. Kutokana na hayo twatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, wanaohariri diwani za zamani wasiridhike na tungo za mtu mmoja. Pale jawabu linapopatikana, lichapishwe kando ya neno lililolizaa. Pili, utafiti wa malumbano ya washairi katika magazeti, yakiwemo Baraza na Taifa Leo lililoanza mwaka 1960, uyachukue mabishano mazima kuwa ndiyo kipande cha kuchunguzwa, badala ya kuliokota shairi moja na kuliacha lililolifuata. Tatu, majarida yetu yatenge kurasa za majibu, na wahariri wayatafute majibu hayo kwa wale wanaojulikana kutokubaliana na mwandishi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na jarida lisiloulizwa litajifunza wapi?

Nami nisiyaonye mambo nisiyoyatenda. Naamini kuwa umbo la kimapokeo, kwa kumpa msikilizaji kipimo cha kujibia, ndilo lililoyalea majibizano ya Kiswahili, na kwamba shairi huru, kwa kumnyima kipimo hicho, huvuta insha lakini halivuti shairi. Twajua makala mengi yaliyoandikwa kuijibu Kichomi. Ni mashairi huru mangapi yaliyotungwa kulijibu shairi huru jingine? Mwenzangu aliye na ushahidi unaoivunja hoja hii, ukurasa huu ni wake.